Jiko lilikuwa stoo, sumu ikalala chumbani kwa bibi: kisa cha Ngaramtoni

Simu iliingia saa 12 na nusu asubuhi, mwezi wa saba, siku ambayo ukiwa Ngaramtoni huoni hata kivuli cha Mlima Meru kwa ukungu. Aliyepiga ni mama ambaye nimemchanjia kuku miaka mingi nikiwa kazini, na hata baada ya kustaafu hajaacha kunitafuta. "Shikamoo dokta. Kideri kimeingia, vifaranga wananiishia." Nikamuuliza wamekufa wangapi. Akasema alipofika thelathini aliacha kuhesabu.

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinaua haraka, hilo nalijua. Lakini vifaranga wale walikuwa na siku tano tu, na jioni iliyotangulia alikuwa amenitumia picha yao wakila na kuchangamka. Thelathini kwa usiku mmoja, bila hata mmoja kuzubaa jana yake, hapo nilitia shaka. Nikavaa koti, nikachukua mkasi na glovu, nikapanda boda.

Naandika kisa hiki kwa sababu kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliofia ndani na jiko, na kila mara tunasema: kwa nini walilala na jiko? Katika nyumba hii hakuna aliyelala na jiko. Mama huyo anazijua habari hizo vizuri kuliko wengi, na hangethubutu kuingiza mkaa chumba anacholala mtu. Jiko lilikuwa stoo, mlango wa stoo umefungwa. Watu wawili walikaribia kufa.

Nilifika saa 1 na robo. Vifaranga walikuwa 150, chotara, ndani ya stoo ya nyumba kubwa, kwenye mduara wa hadibodi wenye maranda chini. Kati ya mduara kulikuwa na jiko la udongo lililovishwa bati, limejaa majivu. Nilihesabu mizoga 41.

Jambo la kwanza nililoangalia ni namna walivyolala. Kifaranga akifa kwa baridi unamkuta kwenye rundo, wamepandiana kutafuta joto, wa chini wamekosa pumzi. Hawa hawakulundikana. Walikuwa wametapakaa, wengine karibu kabisa na jiko, shingo zimepinda kwenda nyuma. Waliobaki hai walisinzia na kupumua midomo wazi.

Nikatoka nje na mmoja, nikampasua juu ya gunia. Nimepasua kuku maelfu. Aliyekufa saa kadhaa zilizopita damu yake huwa imeiva, nyeusinyeusi. Huyu alikuwa amekauka mwili mzima, lakini mapafu yake yalikuwa ya waridi yenye kung'aa, na damu nyekundu kama ya kuku aliyechinjwa dakika ile. Nikapasua wa pili, nikakuta vilevile. Hakuna ugonjwa wa kuku ninaoujua unaoacha rangi ile. Inayoiacha ni kaboni monoksaidi, hewa ya makaa, kwa sababu inashikana na damu na kuing'arisha hata baada ya kifo.

Nikasimama. Nikamuuliza, "Mama, watu wa ndani wote wameamka salama?"

"Wameamka, dokta. Bibi ndiyo analalamika kichwa tangu usiku. Na binti ametapika, lakini si unajua ana mimba."

Kauli hiyo bado naisikia. Kila jambo lilikuwa na maelezo yake. Kuku wana kideri. Bibi ni mtu mzima, kichwa cha baridi. Binti ana mimba ya miezi saba. Yeye mwenyewe alikuwa na kichwa kizito, akadhani ni kukosa usingizi kwa kukesha na vifaranga. Shida nne, majibu manne, na hakuna aliyezikusanya zikawa moja. Wagonjwa watatu nyumba moja, usiku mmoja, hakuna mwenye homa, na mifugo ya ndani imekufa: hiyo ni hewa ya makaa mpaka ithibitike vinginevyo.

Tuliwatoa nje kabla ya maswali mengine yoyote. Bibi alitembea kama mtu aliyelewa, yeye ambaye hajawahi kuonja hata mbege. Binti alishikilia ukuta. Kijana wa darasa la tatu alitoka sebuleni akifikicha macho, mzima kabisa, anauliza chai. Nitarudi kwa huyo kijana, maana yeye ndiye aliyenifumbulia kitendawili.

Gari la jirani, Noah, likawapeleka hospitali. Nilipanda nao, na nashukuru nilipanda. Pale mapokezi walibanwa kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu: bibi 98, binti 99. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kwa karatasi, walikuwa watu wazima wa afya. Nikamwomba tabibu dakika mbili, nikamweleza kuhusu jiko na rangi ya yale mapafu. Alikuwa kijana msikivu. Hakuuliza daktari wa kuku anajua nini kuhusu watu. Akaagiza oksijeni kwa barakoa, mtungi ufunguliwe mpaka mwisho.

Kifaa kile cha kidoleni hakikuharibika. Kinamulika mwanga kwenye damu na kusoma rangi, na damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi kinaiona nyekundu kama damu yenye oksijeni, kwa hiyo kinatoa namba nzuri kwa mtu anayekosa pumzi kwa ndani. Kaboni monoksaidi inaing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikishakaa haitoki upesi: ukipumua hewa ya kawaida inachukua saa 4 hadi 6 kupungua nusu tu, ukipewa oksijeni safi kwa barakoa muda huo unashuka mpaka saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana kumpeleka mtu barazani apunge upepo halafu arudi kulala hakutoshi, hasa mjamzito. Mtoto tumboni anapata sumu ile kupitia damu ya mama, na damu yake inaishika zaidi na kuiachia polepole zaidi. Mama anaweza kujisikia nafuu wakati mtoto bado yuko hatarini. Walimwekea binti oksijeni muda mrefu kuliko bibi, na mapigo ya mtoto yalipimwa tena na tena. Yalikuwepo.

Siku mbili baadaye nilirudi nyumbani kwao kutafuta njia ambayo ile hewa ilipita.

Usiku wa tukio umeme ulikatika saa 2. Vifaranga walikuwa chini ya taa mbili za joto. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35, naye hana manyoya ya kujikinga. Usiku wa Julai pale juu baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama akafanya kila alichofundishwa. Akawasha jiko nje, akasubiri mkaa ukolee, moshi uishe kabisa, ndipo akaliingiza stoo. Akaziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa matambara, akatundika nailoni dirishani, akasokomeza gunia chini ya mlango wa nje. Saa 5 akaongeza mkaa na kuufukia kwa majivu ili udumu mpaka asubuhi. Kisha akafunga mlango wa ndani wa stoo ili "hewa mbaya isiingie kwa bibi".

Nilipoingia chumbani kwa bibi na kuinua macho, nikaona bati. Hapakuwa na dari. Ukuta kati ya chumba na stoo ulipanda vizuri mpaka usawa wa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ukaishia hapo. Juu yake kuna nafasi ya pembetatu, mtu mzima anaweza kupita akiwa ameinama. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo: tunahamia, tunasema dari tutapiga pesa ikipatikana. Mlango wa stoo umefungwa, nusu ya juu ya nyumba ni chumba kimoja.

Niliwasha udi. Nikauweka stoo pale lilipokaa jiko, nikafunga mlango, nikamwomba mama akakae kitandani kwa bibi na aniite akisikia harufu. Sikumaliza kupiga miayo miwili. "Dokta, upo huku!" Alikuja mlangoni ameweka mkono mdomoni. Hewa ya moto inapanda, inagonga bati la baridi, inapoa, inashuka upande wa pili, juu ya kitanda. Udi una harufu, ndiyo maana aliusikia. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi wala ladha, na haiwashi koo.

Kijana wa darasa la tatu alilala sebuleni. Sebule ndiyo chumba pekee katika nyumba ile chenye dari la jipsamu, lililopigwa kwa ajili ya kipaimara cha binti. Chumba cha mama hakina dari, lakini kiko mbali na stoo, naye aliamka kila mara kwenda nje, akipumua hewa safi bila kujua inamsaidia. Bibi na binti walishiriki chumba kinachopakana na stoo, na hawakutoka usiku kucha. Ukichora ramani ya nyumba na kuweka alama ya nani aliumwa kiasi gani, unachora njia ya hewa yenyewe.

Sasa kuhusu mkaa uliokolea, maana hapa ndipo wengi tunapoangukia. Tangu utotoni tumefundishwa kuogopa moshi. Moshi ukiisha tunaamini jiko limetulia. Lakini jiangalizie mwenyewe usiku, mahali penye giza, jiko lililokolea vizuri: juu ya makaa kuna miale ya bluu, mifupi, inacheza kama inatafuta mahali pa kushika. Ile ni kaboni monoksaidi inaungua. Hewa inaingia chini ya jiko, inakutana na kaa jekundu na kuwa kaboni dayoksaidi, kisha ikipanda katikati ya makaa ya moto inageuka kaboni monoksaidi. Ikifika juu na kukuta moto na hewa ya kutosha, sehemu yake inaungua, ndiyo bluu unayoiona. Ukimwaga majivu juu, umeizima ile miale. Sumu hiyo haiungui tena, inatoka yote kama ilivyo. Kufukia makaa ili yadumu ni kuyaagiza yatoe sumu polepole usiku kucha, na macho yako yanaona jiko limelala.

Nilipiga hesabu ya makisio siku ile, nimekaa kwenye ndoo. Kilo moja ya mkaa hutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksaidi, pengine zaidi. Mama alitumia kama kilo moja na nusu, basi gramu 300. Stoo, vyumba viwili na nafasi ya chini ya bati ni kama mita 100 za ujazo. Tuseme sehemu tisa kati ya kumi zilipenya nje kwenye nyufa. Bado zinabaki gramu 30, yaani miligramu 300 kwa kila mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 wa hewa ya ndani, limeweka miligramu 100 kwa mtu kuvumilia dakika 15, na 35 kwa saa moja. Bibi alilala humo kwa muda wa saa nane. Hewa haikusambaa sawasawa kama hesabu yangu inavyodai, lakini hata ukikosea kwa nusu hakuna faraja.

Nilimwambia mama hana kosa la uzembe, na namaanisha. Alikosea kwa uangalifu. Kila alichoziba alikiziba kwa kuwapenda vifaranga, na kila alichokiamini ni kitu tunachokisema sisi sote, mimi nikiwemo. Miaka ile ya mafunzo ya wafugaji niliwafundisha watu wengi kulea vifaranga kwa jiko na chungu cha mkaa. Niliongea sana kuhusu nyuzi joto, na kuhusu hewa nilisema "hakikisha inapita kidogo", nikaendelea na chanjo. Hilo linaniuma.

Tulichobadilisha ni hiki. Vifaranga walihama nyumba ya watu. Banda dogo la mbao lilijengwa nyuma, hatua kumi na tano kutoka ukutani, na lina nafasi mbili zisizozibwa kwa lolote: moja chini karibu na sakafu, nyingine juu chini ya paa, upande wa pili. Hewa safi inaingia chini, ya moto inatoka juu. Mtu akiwa na tundu moja tu, hewa haina pa kuzungukia. Umeme ukikatika jiko linakaa kwenye sinia la bati lenye mchanga, mbali na maranda, na mkaa haufukiwi. Zaidi ya hapo tulipunguza hitaji la moto lenyewe: kasha la mbao lenye kuta mbili, katikati majani makavu, juu blanketi linaloning'inia. Vifaranga 50 ndani ya kasha kama hilo wanapashana joto wenyewe, na unaweza kuvuka usiku mzima bila kaa hata moja. Wenyewe watakuambia kama wako sawa. Wakitapakaa na kulala kwa utulivu joto linatosha, wakilundikana wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi umezidisha. Lakini wakisinzia wote mchana na jiko liko karibu, usifikirie ugonjwa kwanza. Fungua mlango.

Habari zilipomfikia mtoto mkubwa wa yule mama, aliye Dar, alipiga simu akisema anamtumia bibi hita ya gesi, zile za magurudumu zinazobeba mtungi wa kilo 15 mgongoni, "ili tuachane na mambo ya mkaa". Nia njema, na nilifurahi kuwa aliuliza kabla ya kununua. Nilimwambia gesi ya mtungi inaungua safi kuliko mkaa hita ikiwa nzima na hewa ikiwa tele. Ikipungukiwa hewa inatoa sumu ileile, na safari hii bila hata majivu ya kukutahadharisha. Hita nyingi za ndani zina kihisio kinachozima moto oksijeni ikishuka kufika kama asilimia 18, kutoka karibu 21 ya kawaida. Ni kizuri kuwa nacho, lakini hakipimi kaboni monoksaidi, na kikichafuka kwa vumbi hakitegemeki. Hita isiyo nacho, au ile inayopachikwa juu ya mtungi kwa kazi za nje, isiingie ndani kabisa.

Basi tukakubaliana. Hita ikae sebuleni, iwashwe watu wakiwa macho, dirisha liwe wazi upana wa kiganja, izimwe hapo kwenye hita na kwenye mtungi kabla ya kulala. Chumbani kwa bibi isivuke kizingiti. Iwe mita moja kutoka kwenye pazia, kochi na nguo za kuanika, na mtungi usimame wima daima. Ukibadilisha mtungi, zima kila moto ulio karibu, kisha paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira wake: likitoa mapovu, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kukusanyika kwenye kona, na ina harufu iliyotiwa makusudi ili uisikie. Sumu ya moto inapanda na haina harufu. Moja unaiwinda kwa pua chini, nyingine hutaipata kwa pua hata kidogo. Moto wa hita uwe bluu au sahani zake ziwe nyekundu sawasawa. Ukiona njano na masizi, zima, ita fundi.

Nilimwomba pia atafute king'ora cha kaboni monoksaidi, kinachotumia betri, afunge chumbani kwa bibi. Kilichotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hulia ndani ya dakika 3 sumu ikifika sehemu 300 kwa milioni, na kwa sehemu 50 hulia kati ya dakika 60 na 90. Kina umri wake wa kuisha, umeandikwa mgongoni. Na pesa iliyobaki, nikamwambia, piga dari.

Binti alijifungua Septemba, mtoto wa kike, analia kwa nguvu. Bibi ndiye aliyetutisha tena. Wiki tatu baada ya tukio, akiwa ameshapona na kurudi kwenye mboga zake, alianza kusahau. Alimwita mjukuu kwa jina la marehemu mdogo wake. Hatua zake zikawa fupi, za kukokota. Mama alidhani ni uzee umebisha hodi. Nilimrudisha kwa yule tabibu, kwa sababu sumu hii inaweza kukaa kimya siku au wiki kadhaa kisha ikaugusa ubongo, na aliyelazwa kwa ajili yake anapaswa kuangaliwa kwa zaidi ya mwezi. Walimfuatilia. Mpaka Oktoba majina mengi yalikuwa yamemrudia, miguu nayo kwa sehemu.

Mara ya mwisho nilipopita, dari la chumba chake lilikuwa limepigwa. Alikuwa amejifunika mablanketi mawili, na miguuni ana chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye soksi ya mjukuu. Yale matambara ya matundu ya hewa mama ameyafua, anafutia vioo vya sebuleni.